Siku za Mwanzo si za Mtu Mmoja

(Maneno yaliyosemwa na mwanafunzi wa zamani katika mkutano wa mwaka wa Umoja wetu, Kyela)



Katibu aliponiandikia alidhani nitazungumzia kazi ya Serikali, maana ndiyo inayonilisha wali. Naomba radhi. Leo nitazungumza juu ya sigara; tena si juu ya ubaya wake kwa jumla, ambao kila mmoja wetu ameusikia, bali juu ya majuma mawili ya kwanza ya kuiacha, na kazi ya rafiki katika majuma hayo.

Nilianza kuvuta hapa hapa shuleni mwaka 1996, nikiwa kidato cha pili, chini ya mwembe nyuma ya bweni. Sigara ilikuwa moja, wavutaji wanne, nayo ilizunguka mkono kwa mkono kama kata ya maji. Hakuna aliyeipenda ladha yake. Sote tulikohoa mpaka machozi. Tulichokipenda ni kuhesabiwa miongoni mwa wale wanne. Muhula uliofuata mgawaji nikawa mimi. Nikamnyoshea mwenzangu mmoja ambaye hakuwahi kuvuta. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu nikamwambia, "Acha utoto." Akaipokea.

Mwenzangu huyo yumo katika ukumbi huu. Ameniruhusu niyaseme haya, ila jina lake nisilitaje. Nawaombeni msimtafute kwa macho.

Kutoka hapa nilikwenda Chuo Kikuu, Mlimani, na sigara nikaenda nayo. Bumu likitoka, pakiti kwanza, vitabu baadaye. Nilipoanza kazi nilikuwa namaliza pakiti nzima kwa siku. Mwaka 2019, wakati wa masika, sisi watatu tuliosoma pamoja tulikuwa tukirudi kutoka msibani, gari letu likakwama kwenye tope. Tulisukuma kidogo tu, tukaishiwa pumzi sote, tukakaa chini kandokando ya njia. Kijana mmoja aliyekuja kutusaidia akatutazama akasema, "Wazee, vifua vimekwisha." Tulikuwa hatujafika hata miaka arobaini. Pale pale tukapatana: Jumapili sigara ya mwisho, Jumatatu tunaanza.

Mmoja wetu hufanya biashara ya mpunga Ipinda, mwingine ana nyavu zake Matema, mimi nipo ofisini mjini Kyela. Tulikubaliana neno moja la kuambiana kwa simu: "Nimeshikwa." Mwenye kulipokea asihubiri, aulize habari za mpunga au za samaki, mpaka dakika zipite.

Siku ya pili nilimfokea karani kwa kuchelewesha faili lililokuwa mezani mbele yangu. Usiku sikulala. Siku ya tatu nilijikuta nimesimama dukani, fedha mkononi, bila kukumbuka nimefikaje. Nikapiga simu Matema. Mwenzangu akaniambia, "Mwera ukivuma, mtu haingii ziwani kupigana nao. Anavuta mtumbwi mchangani anangoja. Na mwera huvuma siku kadhaa. Huo wako ni wa dakika." Nikatoka pale dukani nikiwa bado naongea naye.

Baadaye nilisoma nikaona kuwa yule mvuvi alisema kweli. Nikotini iliyomo katika tumbaku hufika kwenye ubongo sekunde chache tu baada ya mtu kuvuta, na ubongo ukishaizoea huidai. Baada ya saa mbili hivi nusu yake imekwisha kutoka katika damu. Ndiyo maana mvutaji akiwa kikaoni hutazama saa. Anayeacha kabisa hudaiwa siku hiyo hiyo, na madai huwa makali zaidi siku ya pili na ya tatu, kisha hupungua katika majuma matatu au manne. Huja hasira, njaa, usingizi wa kukatika na mawazo yasiyotulia; wengine hata kikohozi huongezeka kwanza. Vijana wa mjini huiita hali hiyo arosto. Lakini kila wimbi la hamu, lisipolishwa, hupita kwa dakika chache. Na faida haikawii: katika siku moja au mbili ile hewa ya sumu, kaboni monoksidi, hupungua katika damu, na baada ya mwaka mmoja hatari ya ugonjwa wa moyo iliyoletwa na sigara hushuka kwa karibu nusu.

Sasa nifike kwenye jambo lililonileta. Siku ya tisa, usiku, mwenzetu wa tatu alinipigia simu. Hakusema "Nimeshikwa." Alisema, "Nimevuta. Moja tu." Nami, kwa kuwa nilikuwa nimefika siku ya tisa na kichwa kimenivimba kwa sifa, nilimjibu, "Mwanamume mzima unashindwa na kijiti?" Akanyamaza, akakata simu. Hakunipigia tena kwa habari hiyo. Tuliendelea kukutana misibani na harusini, akanikwepa kila alipotaka kuvuta, na alivuta miaka mingine mingi. Wawili tuliacha, mmoja akabaki nyuma.

Ndugu zangu, huyo aliyebaki ndiye yule niliyempa sigara mwaka 1996. Siku ile nilimtia sigarani kwa kumwambia ni mtoto. Na alipotaka kutoka nikamfungia mlango kwa kumwambia si mwanamume. Maneno mawili, aibu ile ile. Nilijiona mshindi, kumbe nilikuwa nimemwacha mwenzangu tope likiwa bado magotini.

Laiti ningejua siku ile kwamba kuteleza ni jambo la kawaida! Watu wengi walioacha sigara walijaribu zaidi ya mara moja. Sigara moja ya siku ya tisa haifuti siku nane zilizotangulia. Kinachozifuta ni kujificha, maana aliyejificha hana wa kumwambia "Nimeshikwa."

Wazee wetu Wanyakyusa hawakuhitaji kufundishwa thamani ya wenzao. Zamani mtoto wa kiume akifika miaka kumi hivi alitoka kwa baba yake, akajenga na wenzake wa rika moja, na hicho kikawa kijiji chao hata walipokuwa na wake na watoto. Mtaalamu Monica Wilson, aliyefanya utafiti huku pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, alitoa kitabu kizima juu ya vijiji hivyo mwaka 1951, akalieleza sana neno letu ukwangala, yaani ile raha ya kukaa pamoja na wenzako. Vijiji vya rika vimekwisha, lakini bweni nalo lilikuwa kijiji chetu cha rika. Humo ndimo tulimopeana sigara, na kwa ukwangala ule ule tunaweza kusaidiana kuiacha. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Basi, kwa anayemsindikiza mwenzake, nimejifunza haya. Kwanza, mjue siku yake ya kuanza, nawe umpigie kila siku katika majuma mawili ya mwanzo, hasa siku ya pili na ya tatu, bila kungoja akupigie. Pili, akikufokea usiweke moyoni. Inayofoka ni nikotini. Tatu, wimbi likimpata, mpe kitu cha kufanya: anywe maji, atembee, avute pumzi taratibu, asimulie habari nyingine. Nne, akiteleza, swali ni moja tu: "Tunaanza tena lini?" Tena mkumbushe kwamba hospitalini anaweza kuomba ushauri, jojo na plasta za nikotini za kumsaidia mtu kuacha ziliingizwa na Shirika la Afya Duniani katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2009.

Kwenu vijana. Sheria ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia sigara mtu aliye chini ya miaka 18, na tumbaku huua zaidi ya watu milioni 7 duniani kila mwaka. Lakini najua kuwa sheria haikai chini ya mwembe. Anayekaa pale ni rafiki yako. Akikunyoshea, kataa mara tatu, mara ya nne na ya tano. Na wewe mwenye kunyosha, tafadhali nitazame mimi: nina miaka zaidi ya arobaini, nina shahada na ofisi, na mpaka leo natafuta namna ya kukirudisha nilichokitoa kwa mkono huu.

Ndugu Mwenyekiti, namalizia na ombi. Jumatano iliyopita, asubuhi, simu yangu ililia. Sauti ikasema neno moja nililokuwa sijalisikia tangu 2019: "Nimeshikwa." Nilimuuliza habari za mpunga. Tukaongea mpaka wimbi likapita, na jioni nikapiga mimi.

Leo ni siku yake ya nne. Usiku huu tutakaa uwanjani, tutakula wali na samaki, tutacheka kama zamani, na wengine wenu mtatoa pakiti mifukoni. Nawaomba, kwa usiku mmoja tu, mtu asimkaribishe mwenzake sigara. Anayetaka kuvuta asogee mbali kidogo. Hamtajua mmemsaidia nani, wala si lazima mjue.

Na kama yuko mwingine anayetaka kuanza kesho, mimi nitakuwa chini ya ule mwembe baada ya chakula. Aje tuandikiane namba za simu.