Somo la Redio: Earl Ross na Saa ya Martinsville

Natumaini mmekwisha kukaa, na kila mtu ana daftari na kalamu yake. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya mawili: Kanada, na Earl Ross. Someni kwa sauti mara mbili, kisha tuendelee.

Kanada ni nchi kubwa sana iliyo kaskazini ya Marekani. Upande wake wa mashariki, baharini, kuna kisiwa kiitwacho Prince Edward Island. Watu wa kisiwa hicho hulima viazi na kuvua samaki. Huko ndiko alikozaliwa Earl Ross, tarehe 4 Septemba, 1941. Baadaye alikaa katika jimbo la Ontario, karibu na mji unaoitwa London. Angalieni, London hii si ile ya Uingereza. Ni mji mwingine wenye jina lile lile. Katika viwanja vidogo vya Ontario ndiko Ross alikoshindana kwa motokaa kabla ya kujulikana mbali.

Labda utaniuliza: haya ni mashindano ya namna gani? Ni mashindano ya motokaa ambazo kwa umbo zinafanana na zile zinazouzwa dukani kwa watu wote. Kwa nje utadhani ni motokaa ya kwendea sokoni. Lakini ndani mafundi wameondoa viti vya abiria, wameweka mabomba ya chuma ya kumkinga dereva, na injini yenye nguvu nyingi.

Mashindano haya yalikua katika Marekani ya kusini. Huko kulikuwa na watu waliopika gongo kwa siri na kuisafirisha usiku. Walitengeneza motokaa zao ziwe na mbio sana, ili maofisa wa serikali wasiwakamate. Na siku za mapumziko walishindana wao kwa wao, kujua nani ana motokaa ya mbio zaidi. Mwaka 1948 kiliundwa chama cha kusimamia mashindano hayo, na jina lake ni NASCAR.

Sasa turudi kwa Ross. Alianza kushindana katika daraja la juu la chama hicho mwaka 1973. Lakini mwaka wake hasa ulikuwa 1974. Hesabuni wenyewe: mtu aliyezaliwa 1941, mwaka 1974 ana umri gani? Naam, alitimiza miaka 33. Madereva wengi aliowakuta huko walikuwa wamezoea viwanja vile tangu ujana wao. Yeye alikuwa mgeni, tena mtu mzima.

Jambo moja lazima mlifahamu. Motokaa ya mashindano hula fedha nyingi. Tairi huisha, injini huvunjika, mafundi lazima walipwe. Kwa hiyo kampuni ya biashara hutoa fedha, na jina lake huandikwa kwa herufi kubwa juu ya motokaa. Kampuni iliyomsaidia Ross iliitwa Carling. Ilikuwa kampuni ya bia, na asili yake ni London ile ile ya Ontario. Kwa fedha za kampuni hiyo Ross aliingia katika karakana ya Junior Johnson.

Bwana huyo Johnson alitoka katika ukoo wa wapika gongo, na kwa ajili hiyo alipata kufungwa gerezani. Kisha akawa dereva mashuhuri aliyeshinda mara 50. Alipoacha kuendesha, akawa mwenye motokaa, na wengine wakaendesha. Ross alipewa motokaa ya Chevrolet yenye namba 52. Dereva mwenzake katika karakana hiyo alikuwa Cale Yarborough, ambaye baadaye alikuwa bingwa miaka mitatu mfululizo, 1976 mpaka 1978. Basi Ross alikuwa mwanafunzi katika darasa lenye mabingwa.

Tarehe 29 Septemba, 1974, walishindana huko Martinsville, katika jimbo la Virginia. Kiwanja cha Martinsville ni kidogo. Mzunguko wake ni kama mita 850 tu. Una njia mbili zilizonyoka, na kila mwisho wa njia kuna kona kali. Mashindano yalikuwa ya mizunguko 500. Hapa tufanye hesabu. Kila mzunguko dereva hupita kona kali mbili, na kila mara lazima akanyage breki. Mara 2 kwa 500 ni ngapi? Ni 1,000. Ukikanyaga vibaya mara moja tu, unagonga ukuta au unagonga mwenzio. Ukikanyaga kwa hasira, breki hupata moto na kuisha kabla ya mwisho. Kiwanja kama hicho hakimpendi mtu mwenye pupa. Humpenda mtu mwenye subira.

Siku ile Earl Ross alishinda. Buddy Baker, Mmarekani aliyekuwa dereva mkubwa, alikuwa wa pili.

Desturi ya Martinsville tangu mwaka 1964 ni kumpa mshindi saa. Si saa ya mkononi, bali saa ya kusimama sakafuni, yenye kabati la mbao, ndefu kuliko mtu. Saa moja ya namna hiyo ikawa mali ya Earl Ross. Mwisho wa mwaka alikuwa wa 8 katika hesabu ya madereva wote, tena akatajwa kuwa dereva mgeni bora wa mwaka. Mpaka mwaka 2024 hapakuwa na Mkanada mwingine aliyeshinda katika daraja lile. Na ilipita miaka 33 kabla mtu mwingine wa nje ya Marekani kushinda, naye ni Juan Pablo Montoya wa Colombia, mwaka 2007.

Je, Ross alishinda mara ngapi tena? Hakushinda tena katika daraja lile. Mwisho wa mwaka ule ule wa 1974, kampuni ya Carling iliacha kutoa fedha. Ross hakuwa amekosa neno. Alikuwa ameshinda. Lakini fedha zilipoondoka, na motokaa iliondoka. Mwaka 1975 na 1976 alipata mashindano makubwa machache tu, kisha basi. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Ross akarudi Ontario. Je, alikaa kitako akilaumu kampuni? Hapana. Aliendelea kushindana katika viwanja vya nyumbani, vile vile vilivyomfunza kazi. Alifariki tarehe 18 Septemba, 2014, akiwa na umri wa miaka 73.

Ndugu zangu, nimechagua habari hii kwa sababu moja. Nikitembelea madarasa, mara kwa mara mtu mzima huniambia: "Bwana, mimi nimechelewa. Na hata nikijua kusoma, nafasi za kazi ziko mikononi mwa wengine. Kisomo hiki kitanifaa nini?" Swali hili ni la haki, nami sitakudanganya. Ni kweli kwamba nafasi inaweza kuwa ya mtu mwingine, naye anaweza kuichukua kesho bila wewe kukosa. Motokaa namba 52 ilikuwa ya wenyewe. Lakini mkono uliojua kushika usukani, na mguu uliojua kukanyaga breki mara 1,000 bila pupa, vilikuwa vya Ross, navyo alirudi navyo nyumbani. Herufi unazojifunza usiku huu ni hivyo hivyo. Hakuna kampuni iwezayo kuja kuzidai.

Sasa jibuni maswali haya katika madaftari:

1. Kwa nini dereva wa mashindano huhitaji fedha za kampuni?
2. Ross alipewa nini pale Martinsville?
3. Ni kitu gani ambacho Ross alinyang'anywa, na ni kitu gani ambacho hakuweza kunyang'anywa?

Swali la tatu lizungumzeni pamoja kabla ya kuandika. Kwaherini mpaka juma lijalo.