Paka Aliyefungiwa Ndani Apewe Kazi

Leo tutaiacha kidogo mbolea, na mbegu pia tutaiacha. Nataka tuzungumze juu ya mlinzi wa mahindi asiyedai mshahara, yaani paka. Na hasa nataka tumzungumzie paka kijana, mwenye nguvu nyingi, aliyefungiwa ndani ya nyumba au ghalani na hana la kufanya.

Mambo kwa kawaida huwa hivi. Mavuno yameingia ndani, na panya nao wameingia. Mkulima anakwenda kwa jirani kuomba mtoto wa paka. Anamleta nyumbani, anamfungia asitoroke. Miezi michache inapita. Paka amekua, lakini sasa ni vurugu tupu. Anararua magunia kwa kucha, anarukia miguu ya watoto, anaangusha vyombo, na alfajiri analia mlangoni hata watu hawalali. Mwenye nyumba anachoka. Paka anatiwa ndani ya gunia na kwenda kutupwa ng'ambo ya mto.

Kinachofuata mnakijua. Wahenga walisema, paka akiondoka panya hutawala. Darini kunakuwa na ngoma kila usiku. Basi mwenye nyumba anakwenda dukani, ananunua sumu, anaichanganya na unga na kuiweka ndani ya nyumba ile ile wanamolala na kula watoto wake. Ndugu mkulima, hapo hasara imetoka kwenye gunia moja la mahindi na kuingia kwenye hatari ya kupoteza mtu. Ndiyo maana nasema jambo hili la paka si mchezo, ingawa dawa yake, kama mtakavyosikia, ni mchezo.

Kwanza tuulizane: kwa nini tumfungie paka ndani? Ziko sababu za haki kabisa. Paka mgeni akiachwa siku ya kwanza atarudi alikotoka au atapotea; inafaa akae ndani wiki 2 hadi 3 mpaka ajue kwamba hapa ndipo kwake. Sababu ya pili, pengine majirani wametega sumu ya panya. Panya aliyekula sumu hafi papo hapo. Hutembea kwa kulegea, paka humkamata kwa urahisi, na sumu ile humwua paka pia. Sababu ya tatu, una vifaranga wanaotembea uani. Na sababu ya nne, paka bado hajachanjwa. Basi kumfungia kwa muda si kosa. Kosa ni kumfungia kisha kumsahau.

Sasa tumfahamu paka mwenyewe. Paka wa nyumbani ametokana na paka pori wa Afrika, ambaye hata leo yumo katika mapori yetu. Tabia za pori hazikumtoka. Huwinda zaidi jioni jua linapozama, na alfajiri kabla halijachomoza. Mchana hulala saa nyingi, kisha huamka akiwa na nguvu tele. Tena panya mmoja ni tonge dogo kwake, kwa hiyo maumbile yake ni ya kuwinda mara nyingi kwa siku: kunyemelea, kukimbia, kuruka na kukamata. Ukimfungia chumbani ukampa sahani ya ugali na dagaa, tumbo litashiba lakini zile nguvu za kuwinda zitabaki pale pale. Lazima zitokee mahali fulani. Zisipotoka kwa panya zitatoka kwa magunia, kwa mapazia na kwa vidole vya miguu yako usiku.

Utasikia mtu anasema, "Paka mnyime chakula, ndipo atawinda." Maneno hayo hayafai. Paka huwinda kwa sababu ni paka, hata akiwa ameshiba. Ukimshindisha njaa ataiba mboga jikoni, atakula vifaranga, na mlango ukifunguliwa atakwenda kwa jirani anayemlisha. Mlishe kila siku, na chakula chake kiwe na nyama au samaki, kwa maana paka hawezi kuishi kwa ugali mtupu. Maji safi yawepo wakati wote. Maziwa si lazima; paka wazima wengi yanawaharisha.

Haya, sasa tuingie kwenye kazi zenyewe. Nitazitaja moja moja, na hakuna hata moja inayotaka fedha nyingi.

Kazi ya kwanza ni kuwindisha. Chukua fimbo nyembamba yenye urefu wa mkono, ufunge kamba, na mwisho wa kamba ufunge kitambaa au manyoya ya kuku. Jioni kabla ya chakula, mtoto mmoja wa nyumbani akivute kitambaa kile sakafuni. Lakini akivute kama panya anavyokwenda. Panya hamwendei paka usoni, humkimbia. Kitambaa kiende mbali naye, kisimame, kitetemeke kidogo, kijifiche nyuma ya mguu wa meza, kisha kitoroke. Mwache paka anyemelee, aruke, na mara kwa mara akikamate kweli, maana mwindaji asiyepata kitu hukata tamaa. Dakika 5 hadi 10 zinatosha. Asubuhi tena, mara nyingine. Ukimaliza, mpe chakula chake papo hapo. Amewinda, amekamata, amekula. Sasa atajilamba na kulala, nawe utalala.

Hapa nitoe maonyo mawili. Usimfundishe paka kucheza na mkono wako au mguu wako. Akiwa mdogo inachekesha, akiwa mkubwa anachana watoto. Na kamba ile ukimaliza iondoe uitundike juu. Uzi au kamba ikimezwa na paka hukunja matumbo na kumwua. Sindano yenye uzi ni mbaya zaidi, kwa hiyo mama anayeshona asiiache ovyo.

Kazi ya pili ni mahali pa kunolea kucha. Paka hararui gunia kwa ubaya. Ananoa kucha, ananyoosha mgongo na anaweka alama yake. Ukimpiga leo atararua kesho wewe ukiwa shambani. Mpe chake. Tafuta gogo lenye gome la kukwaruza, au nguzo uliyoizungushia kamba ya katani, kimo chake kama sentimita 90 ili paka ajinyooshe wima. Lisimamishe imara lisitikisike, likiyumba hatalirudia. Liweke karibu na yale magunia anayoyapenda, wala usilifiche kwenye pembe. Akishalizoea, ndipo ulisogeze kidogo kidogo unapotaka.

Kazi ya tatu ni kupanda. Paka aliye chini sakafuni hana raha. Hupenda kuona kutoka juu. Pigilia ubao mmoja au miwili ukutani kama ngazi, hadi kwenye dirisha lenye wavu. Atakaa pale saa nzima akitazama ndege na kuku uani. Dirisha lile kwake ni kama redio kwako wewe.

Kazi ya nne ni kutafuta chakula. Badala ya kumwekea dagaa wote kwenye sahani, wagawe. Wachache waweke ndani ya boksi lililotobolewa matundu ya kupitisha mkono wake, wachache chini ya kifuu cha nazi, wengine wawili juu ya ule ubao. Atazunguka, atanusa, atachokora. Chakula cha dakika 2 kitamshughulisha kwa muda mrefu, na akili yake itachoka vizuri. Usitumie makopo ya bati yenye kingo kali, yatamkata ulimi. Jioni okota kilichobaki, maana dagaa waliosahauliwa huwaita panya na siafu.

Kazi ya tano ni mabadiliko. Kapu kuukuu, boksi tupu, gunzi la mahindi la kuviringisha, vyote ni vitu vya kuchezea. Lakini usimpe vyote kwa pamoja. Mpe viwili, baada ya siku chache viondoe, umpe vingine. Kile kile kikirudi baada ya wiki atakiona kipya. Ukiwa na nafasi, paka wawili waliokulia pamoja huchezeshana wenyewe, lakini wahasiwe, la sivyo mwakani utahesabu kumi.

Na choo chake je? Weka sanduku lenye mchanga mkavu, mbali na chakula, ukiondoa uchafu kila siku na kunawa mikono kwa sabuni. Mama mjamzito asifanye kazi hiyo, kwa sababu kinyesi cha paka kinaweza kuwa na vijidudu vinavyodhuru mtoto aliye tumboni. Na kama paka aliyekuwa msafi ameanza ghafla kukojoa ovyo, kujificha au kukataa chakula, hapo si suala la mchezo tena. Huenda ni mgonjwa. Mwone bwana mifugo.

Ndugu mkulima, najua mwingine anauliza moyoni: "Bwana shamba, nikimchezesha hivyo, si atachoka aache panya?" Swali zuri, na lina ukweli ndani yake. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, walitangaza matokeo ya kazi waliyoifanya na paka wanaotoka nje kuwinda. Paka waliochezeshwa dakika 5 hadi 10 kila siku walipunguza mawindo waliyoyaleta nyumbani kwa asilimia 25. Basi tutumie elimu hiyo kwa akili. Siku ambazo paka amefungiwa nyumbani na hana panya wa kuwinda, mchezeshe jioni. Siku unayompeleka ghalani kulinda usiku, mchezo wa jioni uache. Mlishe kiasi, umpeleke kabla jua halijazama, umchezeshe asubuhi atokapo. Ila fahamu jambo moja: katika utafiti ule mchezo haukupunguza ndege waliokamatwa. Kwa hiyo usitegemee mchezo kuokoa vifaranga. Vifaranga wawekwe katika tenga, na tenga lifungwe.

Tena tusimtwishe paka mzigo usio wake. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti uliofanyika katika maboma ya wakulima huko Swaziland, nchi ambayo tangu 2018 inaitwa Eswatini. Ilionekana kwamba panya walipunguza kula pale penye paka na mbwa pamoja. Paka peke yake au mbwa peke yake hakutosha. Panya hubadili mwenendo akinusa maadui wawili. Paka na mbwa wakilelewa pamoja tangu wadogo watapatana. Lakini kabla ya wote hao kuna kazi yako wewe: kihenge kisimame juu ya miguu yenye kimo cha mita 1, kila mguu uwe na kizuizi cha bati, majani yafyekwe kukizunguka, nafaka iliyomwagika ifagiliwe, na matundu yazibwe. Tundu linalopitisha kalamu ya risasi linampitisha panya mdogo.

Sasa nitaje makosa tunayoyafanya mara nyingi. La kwanza ni kumfunga paka kamba shingoni na kumtia kwenye nguzo. Ataruka, kamba itanasa, atajinyonga. La pili ni kuacha kibatari kinawaka katika chumba alimo paka kijana. Akikiangusha karibu na magunia au makuti, huna nyumba wala mahindi. Kibatari kitundikwe juu au kizimwe. La tatu ni kuweka sumu ya panya na paka katika nyumba moja. Chagua kimoja, nami nakushauri umchague paka. La nne ni kumpiga. Paka hajui kwamba anapigwa kwa ajili ya gunia la jana. Anajua tu kwamba wewe ni wa kuogopwa, na mlinzi anayekuogopa atahama.

Wiki zile 3 zikiisha, mwache atoke kwa mpango. Fungua mlango jioni kabla hajala, akae nje kidogo, kisha umwite kwa kugonga sahani. Tumbo litamrudisha. Kesho mwongezee muda. Kabla ya kumwachia kabisa, awe amechanjwa kichaa cha mbwa; chanjo hutolewa akifikia umri wa miezi 3, na hurudiwa kama bwana mifugo atakavyokuelekeza. Paka naye hupata kichaa cha mbwa. Mtoto akiumwa au kuchanwa na paka usiyemjua, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha umpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje kuona.

Kwa ufupi, ndugu wasikilizaji: mlishe paka, mwindishe jioni na asubuhi, mpe gogo la kucha, mpe pa kupanda, mfichie chakula akitafute, na vitu vyake vibadilishwe. Kazi hizi wape watoto wa nyumbani. Watazifanya kwa furaha, na wakati huo huo watajifunza kutunza mnyama. Gunia litabaki zima, nanyi mtakula mahindi yenu mpaka mavuno mengine.

Jioni ya leo, kabla ya kuwasha moto wa chakula, tafuta fimbo, kamba na manyoya mawili ya kuku. Uanze. Na ukiwa na swali, mwulize bwana shamba au bwana mifugo wa kijiji chako.