Mchezo Katika Kompyuta Yetu Wenyewe

Ndugu wanakamati na wafadhili, mmetuuliza kwa nini vijana wanacheza kwenye kompyuta za mradi. Swali ni la haki. Mchezo wenyewe ni Freeciv, wa kujenga miji na kutawala nchi, ulioanzishwa na wanafunzi wa Denmark mwaka 1995, nao ni wa bure. Kompyuta moja huwa seva. Nyingine huunganishwa nayo kwa waya, bila intaneti. Anayeteremka kutoka Marangu hukuta wenzake wameshaanza! Kwa ujuzi huohuo vijana walituunganishia kompyuta za ofisi, kazi ambayo fundi alitaka kutulipisha. Shida ni umeme: seva ikizimika, wote wametoka, na mchezo usiohifadhiwa umepotea. Tunaomba betri moja, ya seva tu.