Mama Aliyehesabu Njia ya Mwezi



Wengi wetu hapa hatujapanda meli hata siku moja. Lakini mwezi tunaujua sote. Leo nataka tuzungumze jinsi mwezi ulivyowaonyesha mabaharia njia.

Zamani nahodha akiwa katikati ya bahari hakujua kwa hakika amefika wapi, upande wa mashariki au wa magharibi. Alikisia tu. Mwaka 1707 meli nne za vita za Uingereza zilikosea njia, zikagonga miamba usiku kwenye visiwa vya Scilly. Watu zaidi ya 1,000 walikufa maji.

Dawa yake ilikuwa saa. Dunia huzunguka mara moja kwa saa 24. Basi, kama ulipo ni saa sita mchana, na kwenu ni saa tisa, wewe uko magharibi ya kwenu kwa sehemu moja ya nane ya mzunguko wa dunia. Lakini saa za siku zile hazikuaminika baharini. Mwezi ndio ukawa saa! Kila usiku mwezi husogea kati ya nyota. Nahodha alipima nafasi iliyopo kati ya mwezi na nyota fulani, kisha akatazama kitabu cha majedwali. Kitabu kilimwambia: nafasi ikiwa hivi, kule Greenwich, Uingereza, ni saa fulani.

Kitabu hicho kilianzishwa na mtaalamu Nevil Maskelyne, kwa ajili ya mwaka 1767. Hesabu zilifanywa na watu majumbani mwao, kwa kalamu na karatasi. Kila hesabu ilifanywa na watu wawili mbalimbali, na wa tatu alilinganisha. Wawili waliwahi kunakiliana, wakafukuzwa kazi. Ilikuwa haki yao, maana tarakimu moja mbovu huzamisha watu.

Katika mji mdogo wa Ludlow aliishi Mary Edwards. Kazi iliandikwa kwa jina la mumewe, kasisi John. Mume alipofariki mwaka 1784, ikawa wazi kwamba hesabu nyingi alikuwa akizifanya mama huyu. Aliomba aendelee kwa jina lake mwenyewe, akakubaliwa. Akawalea watoto wake kwa kazi hiyo mpaka alipofariki mwaka 1815.

Binti yake Eliza, aliyejifunza kwake, aliendelea. Mwaka 1832 kazi ilihamishiwa ofisini London. Humo Eliza hakupewa nafasi.