Kukopa Harusi, Kulipa Matanga
(Mazungumzo kuhusu pete ya uchumba, yaliyotolewa siku ya kuadhimisha miaka kumi ya kikundi)



Kamati ilipotupangia kazi ya kuzungumza leo, wengi walitegemea tutaeleza habari za hisa na riba. Hizo zimo katika taarifa ya mhasibu. Sisi tumeombwa tuzungumze juu ya kitu kidogo kinachoingia kidoleni, lakini ambacho katika mwaka wetu wa nne kilitaka kukivunja kikundi hiki. Ni pete ya uchumba. Msicheke, jamani. Tuliochaguliwa kusema ni sisi wawili tuliokuwa wadhamini wa mkopo ule, na wenyewe waliohusika wameturuhusu tuyaseme. Majina hatutayataja.

Mwenzetu mmoja, fundi cherehani, alikuja kuomba mkopo wa shilingi 600,000. Katika fomu aliandika "mtaji wa vitambaa". Sisi wawili tukatia sahihi bila kuuliza, maana mtu wa kushona akitaka vitambaa, utamuuliza nini? Mkopo ulikuwa wa miezi sita na riba ya asilimia 10, yaani arudishe 660,000, kila mwezi 110,000. Mwezi wa kwanza akalipa. Wa pili akalipa. Wa tatu hakuonekana kikaoni. Wa nne tukaambiwa anaumwa. Wa tano tukaenda nyumbani kwake, tukakuta pale barazani meza ipo na kiti kipo, ila cherehani haipo. Alikuwa ameiuza shilingi 180,000, na fedha hizo amezifunga kwenye kitambaa, anatusubiri. Akatukabidhi akilia.

Ndipo tukajua. Mwanawe alikuwa anaendesha bodaboda ya mtu, kila jioni anapeleka hesabu kwa tajiri, kinachobaki ndicho chake. Alikuwa amepata mchumba, binti wa watu wanaojiweza kidogo kuliko wao. Siku ya kumvisha pete ikapangwa, na mama akaona mwanawe asiende kuaibika. Ule mkopo wa vitambaa ulikuwa pete.

Deni lililobaki lilikuwa 260,000. Sheria yetu inasema mdhamini hulipa, basi tukalipa, kila mmoja 130,000. Mmoja wetu alizitoa katika ada ya mtoto wa kidato cha pili. Hatutaki kuwaficha: tulikasirika. Kwa miezi mingi hatukusalimiana na mama yule vizuri, na vikaoni wanachama waligawanyika, huku wanaosema afukuzwe, huku wanaosema asamehewe. Wengine walianza kutoa hisa zao wakisema kikundi kimekwisha.

Lakini hasira ilipopoa tulijiuliza: ni nani aliyemtia hofu ya aibu? Tukakumbuka. Mwaka mmoja kabla ya hapo tulikuwa katika sherehe ya kijana mwingine wa mtaa huu, aliyemvisha mchumba wake pete nyembamba ya fedha. Tulipiga vigelegele mbele za watu. Tulipofika jikoni tukaanza: "Eti ile nayo ni pete? Si kama ya mapazia?" Tulicheka sana siku ile. Na mama yule fundi alikuwa pale pale jikoni, anaosha vyombo pamoja nasi, anasikiliza. Kwa hiyo, ndugu zetu, sehemu ya deni lile tulilifanya sisi kwa midomo yetu. Tunalikiri hapa mbele yenu.

Hebu sasa tuitazame pete yenyewe. Wazee wetu walichumbiana kwa barua ya posa, kishika uchumba na mahari. Pete ya uchumba ilituingia baadaye, na hii fikra kwamba lazima iwe ya bei kubwa ina historia yake. Mwaka 1947 huko Marekani, mwanamke mmoja mwandishi wa matangazo, Frances Gerety, alitungia kampuni ya De Beers maneno ya kusema kwamba almasi ni ya milele. Miaka ya 1980 matangazo ya kampuni hiyo yakawashawishi vijana wa kule kutumia mshahara wa miezi miwili kwa pete moja. Hakuna dini wala mila iliyosema hivyo, alisema muuzaji. Na sisi tulio katika nchi ya almasi ya Mwadui, iliyogunduliwa mwaka 1940, ni wangapi kati yetu tumewahi hata kuishika almasi? Ndoa zetu mbona zipo.

Sheria nayo haimlazimishi kijana. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaeleza kwamba ndoa iliyotimiza masharti ya sheria hiyo ni halali hata kama zawadi za kimila hazikutolewa. Kwa ndugu zetu Waislamu kinachotakiwa ni mahari, nayo ni haki ya mwanamke mwenyewe. Pete si sharti. Wa kanisani waulizeni viongozi wenu mapema, msisubiri kuambiwa na mashoga. Na jambo jingine ambalo wengi hatulijui: sheria hiyo hiyo inaruhusu zawadi idaiwe mahakamani endapo ndoa haikufungwa, iwapo mahakama itaridhika kwamba ilitolewa kwa sharti la kuoana. Kwa hiyo pete ya deni inaweza kugeuka kesi, na deni likabaki pale pale.

Hatusemi pete ni mbaya. Pete ni nzuri. Binti anaipenda, na kijana ana furaha ya kumpa. Tunachosema ni kwamba inunuliwe kwa akili. Haya ndiyo tuliyojifunza kwa gharama.

Kwanza, kiasi kitangulie, pete ifuate. Kijana asiende dukani kuuliza "pete nzuri ni ipi?" Akae kwanza ahesabu: anapata nini, kodi ya nyumba ni kiasi gani, mahari imebaki kiasi gani, na ndoa ikifungwa wataanza maisha na nini. Kinachobaki ndicho kiasi cha pete. Akishakipata asikisogeze, hata muuzaji awe na maneno matamu kama asali.

Pili, amuulize binti. Wengine wanasema kuuliza kunaharibu utamu wa kushtukiza. Haya, ushtukize siku, lakini usishtukize deni. Binti anayekaribia kuwa mke wako ana haki ya kujua mnasimama wapi kifedha.

Tatu, mjue dhahabu mnayonunua. Karati 24 ndiyo dhahabu tupu. Karati 18 ina dhahabu asilimia 75, na muhuri wake ni 750. Karati 14 ni 585. Karati 9 ni 375, maana yake ina nusu tu ya dhahabu iliyomo katika karati 18 ya uzito ule ule. Fedha nzuri ina muhuri wa 925. Tazameni ndani ya pete, nambari huwa ndogo sana, mchukue kijana mwenye macho. Pete isiyo na muhuri muipeleke kwa sonara wa pili aipime kabla ya kutoa fedha. Wengine hujaribu kwa sumaku. Ni kweli dhahabu haivutwi na sumaku, lakini shaba nayo haivutwi, kwa hiyo sumaku peke yake isiwadanganye.

Nne, pete ipimwe mzani mbele yenu. Ulizeni bei ya gramu ni kiasi gani kwa karati ile, na ujira wa fundi ni kiasi gani, kila kimoja peke yake. Mkipewa bei moja ya jumla hamtajua mnalipia nini. Na risiti iandikwe uzito na karati, si "pete moja" tu.

Tano, tazameni vilivyomo ndani ya nyumba. Kina mama tuna hereni iliyopotea mwenzake, mkufu uliokatika, vimefungwa kwenye leso chini ya godoro. Sonara anaweza kuviyeyusha akatengeneza pete, mkalipa ujira na kiasi kidogo cha kuongezea. Pimeni uzito kabla ya kumkabidhi, na muuandike. Hapa kikundini yupo kijana wa mwenzetu aliyefanya hivyo kwa hereni ya marehemu bibi yake. Binti yule haivui pete hiyo hata akiwa shambani.

Sita, kama mnataka jiwe, mjue tabia yake. Tanzanite yetu ya Mererani, iliyojulikana tangu 1967, ni nzuri na tunajivunia, lakini si ngumu kama almasi. Mwanamke anayetwanga, anayefua na kusugua masufuria atalikwaruza, au hata kulipasua. Basi jiwe la namna hiyo livuliwe wakati wa kazi, au mchague pete isiyo na jiwe. Na kidole kipimwe kwa uzi wakati wa jioni, maana asubuhi kidole huwa chembamba. Pete isiyo na mawe ni rahisi kuongezwa au kupunguzwa baadaye.

Saba, kama pete ni ya kupakwa dhahabu, isemwe hivyo. Si dhambi kuvishana pete ya kupakwa. Kibaya ni kumwambia mtu ni dhahabu, halafu baada ya mwaka kidole kikawa cha kijani.

Na hapa turudi kwa mwenzetu fundi. Ndoa ya mwanawe ilifungwa. Siku moja mkwe akauliza, "Mama, hivi cherehani yako ilikwenda wapi?" Mama akazungukazunguka, mwisho akasema. Binti yule alilia. Alisema, "Mama, mimi nilimpenda mtoto wako. Hata ile ya fedha ningeivaa." Kesho yake, yeye na mumewe wakaipeleka pete kwa sonara waiuze. Sonara akaipima: gramu 3. Akatazama ndani: 375. Waliuziwa karati 9 kwa bei ya karati 18, walinunua kwa haraka katika mji mwingine, na risiti hawakuwa nayo. Basi, wakaiuza kwa uzito wake halisi, wakapata sehemu tu ya ile 600,000. Fedha hiyo wakaifanya mwanzo wa kununua cherehani nyingine iliyotumika. Kisha, kwa muda wa mwaka mzima, kijana na mkewe walituletea sisi wadhamini kidogo kidogo, wiki nyingine 5,000, wiki nyingine 3,000, mpaka 130,000 ya kila mmoja ikatimia. Hatukuwadai. Walisema dawa ya deni ni kulipa.

Siku walipomaliza, mama yule alirudi kikaoni. Hakuna aliyehutubia. Tulimsogezea kiti, tukampa daftari lake la hisa, kikao kikaendelea. Mkwe wake naye leo ni mwanachama mwenzetu, na kidoleni ana pete ya fedha. Mtazameni baadaye wakati wa chakula, lakini safari hii tusipeleke habari jikoni.

Baada ya hayo tuliweka utaratibu ambao mpaka leo tunaufuata. Mkopo wa kikundi ni wa kazi, ada na matibabu. Hautolewi kwa pete wala kwa shughuli. Mwombaji aseme ukweli, na mdhamini aulize, hata kama mwombaji ni shoga yake wa damu. Lakini hatukuishia kukataza. Tulifungua akiba ya shughuli. Mwanachama mwenye mtoto anayekaribia kuchumbia huweka 5,000 kila wiki, mbali na hisa zake. Kwa wiki 40 anakuwa na 200,000, bila riba na bila kumkimbia mtu njiani. Akitaka, kijana mwenyewe huja kuweka kwa mkono wake. Tumeona faida nyingine: kijana aliyeweka 5,000 wiki 40 amekwisha kuonyesha kwamba anaweza kutunza nyumba.

Ndugu zetu, wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Sisi tulikopa pete, tukakaribia kuzika kikundi. Kilichotuokoa ni watu wawili vijana walioona kwamba ahadi ni ile waliyoitimiza kwetu kwa shilingi 3,000 na 5,000, wiki baada ya wiki.

Wageni wetu, mkirudi nyumbani waambieni vijana wenu. Na sisi kina mama, binti akinyoosha mkono atuonyeshe pete, tumuulize habari za mchumba wake. Bei tumwachie yeye na mwenzake.

Kikundi chetu kidumu miaka mingine kumi, na zaidi.