MFANYA KAZI HUISHI MIAKA MINGAPI?

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa tawi, na kupigwa chapa hapa kwa ombi la wanachama waliokosa kufika kwa ajili ya zamu)



Sisi wa kamiti ya masomo tuliagizwa tuseme juu ya jambo hili kabla ya kura. Hoja iliyo mbele ya tawi mnaijua. Akiba yetu ya uzeeni, ambayo sisi na mwajiri twaichanga kila mwezi, je, mtu akistaafu alipwe yote kwa mara moja? Ama achukue theluthi moja tu mkononi, na zile theluthi mbili zilipwe polepole kila mwezi mpaka kufa kwake?

Wengi wenu mmekwisha kutoa shauri lenu, hata ndani ya gari la asubuhi, ya kwamba mtu wa reli haishi, basi apewe fedha zake ale angali ana meno. Mnamtaja mwenzetu wa genge la njia aliyestaafu mwezi wa tatu akazikwa mwezi wa nane. Kaburi lake twalijua, kwa maana tulishika majembe wenyewe. Lakini kaburi moja si hesabu, na leo tumekuja na hesabu.

Tuanze na reli yetu wenyewe. Kila mtoto wa shule husimuliwa habari za simba wa Tsavo wa mwaka wa 1898. Idadi kubwa kabisa iliyopata kutajwa ya watu walioliwa na simba wale ni 135, na wengi hawaisadiki, husema ni wachache zaidi. Sasa sikieni jambo ambalo halisimuliwi. Kati ya mwaka wa 1896 na 1901, reli ilipojengwa kutoka Mombasa mpaka Ziwa, waliletwa vibarua Wahindi wapatao 32,000. Waliokufa walikuwa karibu 2,500, na wengine zaidi ya 6,000 walirudishwa kwao wagonjwa au viwete. Katika kila watu mia, karibu wanane hawakurudi kabisa. Si simba aliyewamaliza hao. Ni homa ya malaria, kuhara damu, vidonda, maji mabaya na ajali za kazi. Na Waafrika waliokufa katika kazi ile ile hawakuwekewa hesabu kama hiyo. Simba ana sifa kwa sababu ana manyoya. Mdudu wa kuhara hana sifa, lakini ndiye mwuaji.

Hapo twapata jambo la kwanza. Kinachoamua miaka ya watu wengi si ajabu linalotokea mara moja, bali ni maji, mbu, chakula, nyumba na kazi.

Sasa, watu husoma gazetini kwamba Wakenya huishi miaka 63 au 64 kwa wastani, kisha husema, "Nikistaafu na miaka 60 nimebakiwa na mitatu au minne." Ndugu, hapo ndipo hesabu inapowadanganya watu wazima na akili zao. Tushike chaki. Watoto kumi wamezaliwa kijiji kimoja. Watatu wanakufa wangali wachanga, na saba wanaishi hata miaka 60 kila mmoja. Saba mara 60 ni 420. Gawa kwa kumi, wastani ni miaka 42. Je, kuna mtu yeyote katika kijiji hicho aliyekufa na miaka 42? Hakuna hata mmoja! Na wale watatu wakipona surua na homa, wakaishi 60 kama wenzao, wastani unaruka kutoka 42 mpaka 60, na hakuna mzee hata mmoja aliyeongezewa siku moja.

Kwa hiyo msifikiri kwamba zamani hapakuwa na wazee. Zaburi ya 90, ambayo ni ya kale sana, yataja miaka sabini kuwa umri wa binadamu. Wazee walikuwako, ila watoto wengi walikufa njiani.

Katika Kenya, hesabu ya serikali ya mwaka wa 2003 ilionyesha kwamba kati ya watoto 1,000 waliozaliwa, 115 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Ya mwaka wa 2022 ilionyesha 41. Vyandarua vyenye dawa, sindano za kukinga maradhi, na mama kuzalia mahali penye mkunga, hayo ndiyo yaliyofanya kazi kubwa. Arobaini na mmoja bado ni wengi, na yeyote aliyezika mtoto hapa hatafurahishwa na hesabu, lakini tofauti ni kubwa.

Basi swali la mtu anayestaafu si "Wakenya huishi miaka mingapi tangu kuzaliwa?" bali ni "Mtu aliyekwisha kufika 60 bado ana mingapi?" Na jibu kwa mwanamume wa Kenya ni kama miaka 15 kwa wastani, na mwanamke zaidi. Miaka 15 ni miezi 180. Tuchukue mfano tu: mtu amepewa shilingi 900,000 kwa mara moja. Gawa kwa miezi 180, ni shilingi 5,000 kwa mwezi, hata kama hakununua matatu kuukuu ya kumsumbua. Sisi sote twajua hizo 900,000 hukaa miezi mingapi. Jamaa hutokea ambao hata jina lako walikuwa wamelisahau.

Lakini hatutaki mseme tumeficha upande wa pili. Wastani unaweza kurudi nyuma, na kwetu ulirudi. Katika miaka ya 1980 wastani wa Kenya ulikuwa unakaribia 60. Ukaja UKIMWI. Ilipofika mwaka wa 2000 ulikuwa umeshuka hadi hamsini na kitu. Mwaka wa 1999 Serikali ilitangaza kwamba ugonjwa ule ni janga la taifa. Safari hii hawakufa watoto peke yao, walikufa watu wa makamo, wenye kazi na wenye kulea. Sisi wa uchukuzi, tunaolala mbali na nyumbani, hatuhitaji kuambiwa, twayakumbuka majina. Dawa zilipoanza kutolewa bila malipo katika miaka ya 2000, hesabu ikapanda tena. Dawa hizo zililetwa na fedha na sheria, na watu waliozipigania bila kuona haya.

Urusi nako yafaa tutazame. Mwaka wa 1990 wanaume wa huko walikuwa na wastani wa karibu miaka 64. Dola la Kisovyeti likavunjika mwaka wa 1991, viwanda vikafungwa, mishahara ikakaa miezi bila kulipwa, pombe kali ikawa rahisi na nyingi. Mwaka wa 1994 wastani wa wanaume ulikuwa chini ya miaka 58. Miaka sita ilipotea katika muda wa miaka minne, bila vita kubwa wala njaa, na katika nchi yenye madaktari wengi. Halafu mwaka wa 2018, hali ilipokuwa imetengenea kidogo, serikali yao ilipandisha umri wa kustaafu wa wanaume kutoka 60 mpaka 65, na wa wanawake kutoka 55 mpaka 60, hatua kwa hatua. Watu walijaa barabarani kwa hasira, kwa kuwa wanaume wengi huko walikuwa hawafiki hiyo 65.

Jambo hili si geni. Pensheni ya kwanza kubwa ya wafanya kazi iliwekwa Ujerumani mwaka wa 1889, wakati wa Bismarck, na umri wa kuipata ulikuwa miaka 70. Walikatwa wengi, wakala wachache. Ulishushwa mpaka 65 katika mwaka wa 1916. Kwa hiyo mtu akiwaambia umri wa kustaafu usogezwe mbele kwa sababu watu sasa huishi sana, mwulizeni: watu gani?

Hilo ndilo twataka kulikalia, maana ni letu. Katika Uingereza, tangu mwaka wa 1967, wataalamu waliwafuata wanaume zaidi ya 17,000 wa kazi ya serikali mjini London, tangu matarishi na mabawabu mpaka wakubwa wa idara. Hakuna hata mmoja aliyekuwa hana kazi, hakuna aliyelala njaa, na matibabu yalikuwa bure kwa wote tangu mwaka wa 1948. Hata hivyo wale wa daraja la chini kabisa walikufa kwa maradhi ya moyo zaidi ya mara tatu kuliko wale wa juu kabisa. Na kila ngazi ilikuwa mbaya kuliko ngazi iliyo juu yake, kama madaraja ya behewa. Sigara ilikuwa na sehemu yake, lakini haikutosha kueleza yote. Walipochungua tena, kuanzia mwaka wa 1985, waliona jambo moja lenye nguvu: mtu asiye na neno lolote juu ya kazi yake, anayepangiwa zamu, mwendo na mapumziko bila kuulizwa, moyo wake hupata taabu zaidi. Twafikiri wengi wenu mngeweza kuwaambia bila kungojea kitabu.

Kuna na habari ya mabasi ya orofa mbili ya London, iliyotolewa mwaka wa 1953 na daktari Jerry Morris na wenzake. Dereva hukaa siku nzima. Kondakta hupanda na kushuka ngazi. Mshahara wao haukuachana sana. Madereva walipatwa na maradhi ya moyo zaidi kuliko makondakta, na walipopatwa walikufa upesi zaidi. Baadaye wakapima hata viuno vya suruali za yunifomu, wakaona madereva walikuwa wanene tangu ujana wao kazini, kwa hiyo si kukaa peke yake. Twapenda watu wa namna hiyo, wanaorudi kuhakikisha maneno yao wenyewe. Madereva wetu wa injini, na ninyi wa chumba cha siginali, mkapimwe presha. Haiumi, na mtu mwenye presha ya juu huenda asijisikie mgonjwa hata siku ile aangukapo.

Wengine watasema dawa ya yote ni utajiri wa nchi. Si kweli kabisa. Marekani hutumia fedha za matibabu kwa kila mtu kuliko nchi zote kubwa, na wastani wake ulikuwa karibu 79 mwaka wa 2014, ukashuka mpaka 76 na kitu mwaka wa 2021, kwa dawa za kulevya, kisha maradhi ya korona. Mwaka wa 2023 ulikuwa umepanda tena mpaka 78 na kitu. Cuba, ambayo ni maskini kupita kiasi mbele yake, imekuwa ikikaribiana nayo miaka mingi.

Na Japani? Mwaka wa 1947, baada ya vita, wanaume wa Japani walikuwa na wastani wa miaka 50 na wanawake 54. Sasa ni kama 81 na 87. Waliua kifua kikuu, wakaweka bima ya matibabu kwa watu wote mwaka wa 1961, wakapunguza chumvi, wakapima presha hata vijijini. Walipoanza kuwahesabu watu waliofikisha miaka mia, mwaka wa 1963, walikuwa 153. Mwaka wa 2024 walipita 95,000. Lakini sasa karibu watu watatu katika kila kumi wana miaka 65 na zaidi, watoto ni wachache, na nchi inapungua watu. Ufaransa ilichukua zaidi ya miaka mia moja kwa wazee wa miaka 65 kuongezeka kutoka saba katika mia hadi kumi na wanne. Japani ilichukua kama miaka 25 tu.

Nasi tuko njia hiyo hiyo, ingawa bado tuko stesheni za mwanzo. Hesabu ya watu ya mwaka wa 2019 ilikuta wenye miaka 60 na zaidi ni kama milioni 2.7, katika Wakenya milioni 47.6. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alizaa watoto wanane kwa kadiri. Mwaka wa 2022 ni watatu na kitu. Baba zetu walikuwa na pensheni yao, nayo ni watoto wanane. Wawili wakipotea mjini, sita walibaki. Sisi tuna watatu, na hao watatu wanatafuta kazi.

Sasa turudi kwa hoja. Sisi wa kamiti twaona pensheni ya kila mwezi ni bora, lakini si kwa vyovyote. Tumewaona wazee waliongojea malipo miezi na miezi mlangoni kwa mwajiri mmoja, na wengine wakafa wakingoja. Kwa hiyo twataka mambo matatu yaandikwe kabla mtu hajatia sahihi. Fedha zikae kwa wadhamini, si mfukoni mwa mwajiri, na sehemu yao wachaguliwe nasi, kama taratibu zilizotoka katika sheria ya mwaka wa 1997 juu ya akiba za uzeeni zinavyotaka. Malipo yaongezwe bei za vitu zinapopanda, maana shilingi 5,000 za leo hazitanunua unga ule ule baada ya miaka kumi. Na pensheni iwe ya dhamana ya miaka kumi, yaani mtu akifa mapema, warithi wake waendelee kulipwa mpaka miaka hiyo itimie.

Kama mwenzetu wa genge angalikuwa na karatasi ya namna hiyo, mjane wake angepokea kila mwezi kwa miaka tisa na miezi saba. Yeye, kama mnavyojua, hakupata hivyo. Alikuta deni la pikipiki. Na wanawake wa Kenya huwapita wanaume kwa miaka kama minne, tena wengi wetu tumeoa walio wadogo kwetu. Kwa hiyo akina mama mliokuja leo, fedha hizi ni zenu kuliko zetu, na twafurahi mmekuja kusikia.

Kura itapigwa Jumapili ijayo baada ya zamu ya asubuhi. Walio kwenye zamu ya usiku watapiga yao kwa Katibu Jumamosi. Fomu za kuandika jina la mrithi ziko kwake. Tulipotazama faili tuliona wengi wameandika mama zao waliokwisha kufariki, na wengine hawakuandika mtu. Njoni mzisahihishe, na mje na kitambulisho.