Jiko Lenye Dohani: Tulivyolijenga na Tunavyolirekebisha

(Haya ni mazungumzo tuliyoyatoa mbele ya wanakisomo wenzetu. Tumeyaandika ili na wale ambao hawakufika wapate kuyasoma.)



Sisi tunakaa huku juu Njombe. Baridi ya Juni na Julai hatuhitaji kuelezwa. Asubuhi nyingine tunakuta sakitu nyeupe juu ya majani, na viazi vimeungua kama vilivyopitiwa na moto. Usiku kama huo kila mtu anatafuta joto. Wengi wetu tunachukua jiko la mkaa, tunaliingiza chumbani, tunafunga mlango na dirisha, tunalala.

Jambo hilo ndilo lililotufanya tujenge jiko hili. Julai moja, mwenzetu mmoja alilala hivyo na watoto wake wawili. Usiku wa manane aliamka kichwa kinamgonga. Mtoto mdogo anatapika, mkubwa anaitwa haitiki vizuri. Mama akadhani ni malaria. Alipojaribu kusimama, miguu haikumbeba. Alitambaa mpaka mlangoni akaufungua, akapiga kelele. Majirani wakawatoa nje wote watatu, wakawapeleka zahanati. Walipona, lakini nusura tuwazike.

Kilichowapata si malaria. Ni hewa ya sumu inayoitwa kaboni monoksaidi. Mkaa ukiungua mahali penye hewa kidogo hutoa hewa hiyo kwa wingi. Haina rangi wala harufu, wala haiwashi macho kama moshi wa kuni. Ndiyo maana watu husema, "Mkaa umeshakolea, hauna moshi, hauna neno." Kumbe una neno! Sumu hiyo ikiingia katika damu hukaa mahali pa hewa safi, na mwili unakosa pumzi huku pua inavuta. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea. Ukiziona katika nyumba yenye moto, usingoje. Toa watu nje kwanza, kisha uwapeleke kwa mganga.

Na moshi wa mafiga nao? Huo tunauona kwa macho, ila tumeuzoea. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2020 moshi wa kupikia majumbani ulisababisha vifo vya watu milioni 3.2 duniani.

Basi tukasema, tujenge jiko moja linalopika na kupasha nyumba, na moshi wake utoke nje. Majiko ya udongo na mchanga yenye dohani si mageni duniani. Huko Guatemala, baada ya tetemeko la ardhi la mwaka 1976, wanavijiji walifundishwa kuyajenga, na ujuzi ukaenea nchi nyingi. Baadaye watu walipopima waliona kasoro: udongo ukiwa mnene mno, kuni nyingi zinapasha udongo badala ya sufuria. Kwa hiyo sisi tulipunguza unene karibu na moto.

Sasa tuseme kazi yenyewe. Tulichanganya udongo wa mfinyanzi debe 1 na mchanga madebe 2. Lakini msishike hesabu hiyo kama amri, maana udongo wa bondeni si sawa na wa kichuguu. Fanyeni tofali dogo la majaribio, likauke kivulini siku chache. Likipasuka, ongezeni mchanga. Likimomonyoka mkilisugua kwa kidole, ongezeni udongo. Sisi tulirudia mara 3. Bwana mmoja alitucheka, ati tunacheza kama watoto. Jiko lake alilolijenga bila majaribio lilipasuka wiki ya pili, naye akaja kuuliza.

Msingi ni mawe na udongo, mpaka usawa wa goti. Juu yake ndipo chumba cha moto. Hapa tafadhali mchukue rula ya mtoto wa shule. Mlango wa kuni uwe sentimita 12 kwenda juu na sentimita 12 kwenda pembeni. Akina mama watasema ni mdogo. Ndiyo, ni mdogo makusudi. Mlango mkubwa unakaribisha magogo na hewa ya baridi. Kuni zipasuliwe nyembamba, ziwe kavu. Ndani ya mlango weka kibati cha kulaza kuni, kiinuke sentimita 4 kutoka chini. Kuni zinapita juu ya kibati, hewa inapita chini yake. Toka sakafu ya moto mpaka tako la sufuria ya kwanza iwe sentimita 25 hivi, ili moto upate nafasi ya kuunguza moshi wake wenyewe.

Kuta za chumba hicho tulizijenga kwa vipande vya matofali ya kuchoma. Nyuma ya matofali tukashindilia majivu makavu yaliyochekechwa, unene wa sentimita 5. Majivu hayapitishi joto upesi. Nje ya majivu ndipo udongo wetu na mchanga. Kisha tukachonga kwa kisu na kijiko, udongo ukiwa bado laini: tundu la sufuria ya kwanza, njia ya moto kwenda tundu la pili, na njia ya kwenda kwenye dohani. Sufuria ikae ndani ya tundu na kuliziba sawasawa, moshi usipate upenyo. Chini ya sufuria moto upate nafasi ya vidole 2 au 3 tu.

Dohani letu ni la bati, upana wa sentimita 15. Wenye nyumba za nyasi wasitumie bati hata kidogo! Bati likipata moto, nyasi zinashika. Hao wajenge dohani la matofali ya kuchoma, nalo litokeze juu vya kutosha. Hata kwenye paa la bati, dohani lisiguse mbao.

Hapo ndipo sisi tulipokosea. Dohani letu la kwanza liliishia chini ya mgongo wa paa. Upepo ukivuma unapinda juu ya paa na kuurudisha moshi wote mekoni. Siku ya kulizindua, wageni walitoka nje wanalia machozi, na pilau haikuiva. Tuliongeza bati mpaka likapita mgongo wa paa kwa nusu mita. Tangu hapo moshi unajua njia.

Jiko likauke majuma 2 au 3 kabla ya moto mkubwa. Kwa hiyo lijengeni Septemba au Oktoba kukiwa na jua, msingoje baridi ije ndipo mkimbilie udongo.

Katikati ya dohani tuliweka kibati kinachosukumwa ndani na kuvutwa nje. Asubuhi, kabla ya kuwasha, kivuteni chote. Dohani likiwa baridi linakataa kuvuta moshi, basi choma maganda makavu ya mahindi chini yake kwanza. Moto ukishika, tazameni. Moto ukinguruma na sufuria ya pili ikachemka kabla ya ya kwanza, joto linakimbilia juu. Sukumeni kibati ndani kidogo. Moshi ukitoka mlangoni, kivuteni tena. Moshi mweusi mzito ukionekana juu ya paa, kuni ni nyingi au mbichi. Baada ya siku 3 au 4 mikono inazoea.

Lakini kibati hicho kisifungwe chote wakati makaa bado ni mekundu. Wengine wanataka joto libaki ndani usiku. Ukifunga, ile sumu ya mkaa inarudi chumbani, na jiko lako jipya linakuwa sawa na lile la yule mama. Sisi tulikata kona ya kibati, upana wa vidole 2, ili hata mtoto akikisukuma mpaka mwisho hewa ipate kupita. Udongo wenyewe unabaki na joto muda mrefu baada ya moto kufa. Hilo linatosha, na blanketi.

Masizi yaondolewe kila mwezi. Chini ya dohani tuliacha tundu lililozibwa kwa tofali. Litoe, ingiza ufagio wa kijiti kirefu.

Jumamosi tunajenga jiko la tatu, nyumbani kwa yule mama aliyenusurika. Saa 2 asubuhi. Kila mmoja aje na debe moja la mchanga. Udongo upo tayari, na majivu tumekwisha yachekecha.